Tochi kali ya mfukoni: uchague ya AA, 16340, 18650 au 21700?

Wengi wanaotafuta tochi kali huanza na namba ya lumeni iliyochapwa kwenye boksi. Sisi tunashauri uanze na betri. Betri ndiyo inayoamua tochi itakuwa nene kiasi gani mfukoni, mwanga utadumu dakika au saa, utachaji wapi, na betri ikichoka miaka michache ijayo utapata nyingine dukani au utaitupa tochi nzima. Kwa tochi ya kuenea mfukoni, uchaguzi unabaki kwenye betri nne: AA ya kuchaji (pamoja na nduguye wa lithiamu, 14500), 16340, 18650 na 21700. Namba hizo ni vipimo: 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, 21700 ni milimita 21 kwa 70.

## Vigezo

Mwanga. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kandela ndiyo inayoonyesha mwanga umekusanywa kiasi gani, yaani utapiga mbali kiasi gani. Chukua kandela, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2, upate mita: kandela 10,000 ni mita 200. Hapo mwanga umefifia hadi kuwa kama wa mbalamwezi, kwa hiyo ukitaka kutambua kilicho mbele yako na si kuona kivuli tu, hesabu nusu ya umbali huo. Tena usivutwe na tofauti ndogo za lumeni. Ili jicho lione mwanga umekuwa mara mbili, lumeni zinatakiwa ziongezeke karibu mara nne. Kati ya 1000 na 1200 hutaona kitu.

Muda. Zidisha mAh (uwezo wa betri, ulioandikwa juu yake) kwa volti, gawa kwa 1000, upate wati-saa. Tochi nzuri ya LED hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati, ukishatoa upotevu wa saketi. Hesabu hiyo ndogo inatosha kuumbua maboksi mengi. Fahamu pia kwamba kiwango cha ANSI FL1, kinachofuatwa na watengenezaji makini, hupima lumeni kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda huhesabiwa hadi mwanga ushuke kufikia asilimia 10. Tochi iliyoandikwa «lumeni 2000, saa 3» inaweza kutoa 2000 kwa dakika mbili, kisha 600, kisha 250, na bado ikawa imesema kweli.

Mfukoni. Urefu, unene, uzito, na hatari ya kujiwasha yenyewe ikiwa mfukoni.

Kuchaji na spea. Chaja ya aina gani inahitajika, na betri ya akiba inapatikana wapi.

Kinachoharibika. Kila betri ina maradhi yake.

Joto halina kichwa chake hapa kwa sababu linaingia kila mahali. Lumeni 1000 ni wati 10 hivi, na sehemu kubwa ya wati hizo hugeuka joto ndani ya bomba dogo la alumini. Bomba likikaribia nyuzi 50 hadi 55, tochi yenye saketi nzuri hujipunguza yenyewe. Si ubovu. Isiyojipunguza ndiyo ya kuogopwa, maana itaunguza LED yake au mkono wako.

## AA ya kuchaji na 14500

Mwanga. AA ya kuchaji, yaani ya NiMH (ya nikeli), ina volti 1.2, na LED nyeupe inataka karibu 3, kwa hiyo saketi lazima ipandishe volti. Ndiyo maana tochi ya AA moja huishia kati ya lumeni 150 na 350. Zipo zinazokubali pia 14500, yenye umbo lilelile lakini volti 3.6. Sofirn SP10 Pro ni mojawapo. Ikiwa na 14500 hufika karibu lumeni 900, kwa dakika moja hivi kabla joto halijairudisha chini.

Muda. AA ya 2000 mAh ni wati-saa 2.4: kama saa mbili kwa lumeni 100. 14500 ya 900 mAh ni wati-saa 3.2, zaidi kidogo tu.

Mfukoni. Nyembamba kuliko zote. Inakaa mfuko wa shati bila kuuvuta.

Kuchaji na spea. Hapa AA haina mpinzani. Chaji ikiisha safarini, duka lolote la kijijini lina AA za kawaida zitakazokuvusha usiku. Za kuchaji, tafuta zile zisizopoteza chaji zikiwa zimekaa, kama Eneloop, iliyotolewa na Sanyo mwaka 2005 na sasa ikiwa chini ya Panasonic. Hukaa mwaka mzima kwenye droo na bado zikawa na sehemu kubwa ya umeme wake. Chaja iwe ya kuangalia kila betri peke yake. Zile za bei rahisi zinazochaji mbilimbili kwa kubahatisha muda ndizo zinazoua NiMH, kwa sababu moja ya mbili hujaa mapema na kuendelea kupikwa.

Kinachoharibika. AA za kawaida za alkali huvuja na kula springi; usiziache ndani ya tochi inayokaa bila kutumika. Na 14500 isiingie kwenye saa ya ukutani, rimoti, au tochi iliyoandikwa volti 1.5 tu. Inaenea vizuri kabisa, kisha inaunguza. Ukiwa na watoto nyumbani, funga 14500 zako mahali pake.

Inamfaa muuguzi wa zamu, fundi anayechungulia ndani ya mashine, na msafiri wa kwenda mbali na umeme. Haimfai anayetaka kumulika shamba.

## 16340

Mwanga. Mlipuko wa lumeni 1000 kutoka kitu cha urefu wa milimita 70 hivi. Unashangaza, kisha unaisha: bomba ni dogo, linapata moto haraka, na baada ya dakika moja au mbili unabaki na lumeni 200 hadi 300.

Muda. 700 mAh ni wati-saa 2.5. Hata kama joto lisingekuwepo, lumeni 1000 zingedumu robo saa.

Mfukoni. Fupi na nene kidogo. Inakaa pamoja na funguo.

Kuchaji na spea. Ni adimu kwenye maduka yetu, kwa hiyo nunua mbili mapema. Ina nduguye asiyechajiwa, CR123A ya volti 3, inayoweza kukaa miaka 10 kabatini ikiwa nzima. Nzuri kwa akiba ya dharura endapo tochi yako inaikubali. Usiiweke kamwe kwenye chaja. Soma maandishi kwenye betri kila mara, maana kwa umbo zinafanana.

Kinachoharibika. Inachajiwa mara kwa mara, basi inazeeka upesi. Kosa kubwa ni kuingiza 16340 mbili mahali pa 18650 moja kwa sababu urefu unalingana: zikijaa ni volti 8.4, na saketi iliyojengwa kwa 4.2 inaungua papo hapo.

Inamfaa mtu wa mjini anayetaka tochi ya kila siku kwa dakika chache: ngazi zenye giza, geti, chini ya gari.

## 18650

Mwanga. Lumeni 1000 hadi 2000 kwa dakika chache, kisha 400 hadi 600 kwa muda mrefu ukiishika mkononi. Kwa njia ya giza, lumeni 300 zilizokusanywa vizuri zinatosha mtu kutembea kwa kasi yake.

Muda. Betri halisi ya 3500 mAh ni wati-saa 12.6, mara tano ya AA. Lumeni 300 kwa saa nne. Lumeni 100 kwa saa kumi na mbili. Hakuna 18650 ya 9900 mAh duniani. Ukiiona imeandikwa hivyo, iache hapo ilipo.

Mfukoni. Kipenyo cha milimita 24 au 25, urefu wa milimita 110 hadi 120. Mfuko wa suruali unaibeba, ila kwenye kiti cha gari inachokonoa paja. Klipu inasaidia.

Kuchaji na spea. Ndiyo betri iliyoenea kuliko hizi nyingine za lithiamu: imo kwenye pawabenki, taa za sola na betri za zamani za laptopu. Kariakoo au Luthuli Avenue hutazikosa; kazi ni kupata halisi. Zinazokwanguliwa kutoka laptopu zilizokufa ni bahati nasibu. Nyingi zimekaa chini ya volti 2.5 kwa miezi, na ndani yake shaba huenda imeyeyuka na kujijenga upya mahali pasipotakiwa. Betri kama hiyo inaweza kuchaji vizuri leo na kupiga shoti yenyewe mwezi ujao.

Kinachoharibika. Urefu. 18650 tupu ni milimita 65, lakini yenye saketi ya ulinzi hufika 68 hadi 70, na yenye tundu la USB huzidi hapo. Tochi iliyobana haifungi, na ukilazimisha unaponda saketi. Nyingine zinataka betri yenye chuchu upande wa chanya. Ukiweka yenye kichwa bapa haiwaki, na watu huirudisha dukani wakidhani mbovu.

La pili ni ampea. Lumeni 2000 ni wati 20, karibu ampea 6. Ukiweka betri iliyojengwa kwa ampea 5, volti zinaporomoka na mwanga unashuka mara tu unapobonyeza turbo, yaani hatua ya mwanga mkali kabisa. Kama ina saketi ya ulinzi, tochi inazima ghafla. Kwa tochi za turbo kubwa, Samsung 30Q (3000 mAh, ampea 15) inafaa kuliko betri ya 3500 isiyoweza kusukuma. Kwa tochi ya wastani, NCR18650GA ya 3450 mAh na ampea 10 inakupa vyote viwili.

Inamfaa mlinzi wa usiku, mkulima, mfugaji anayezungukia zizi, na yeyote anayetaka tochi moja tu ndani ya nyumba.

## 21700

Mwanga. Bomba kubwa zaidi linapooza vizuri zaidi, kwa hiyo faida ya kweli iko kwenye mwanga unaobaki: lumeni 600 hadi 1000 mfululizo, mahali 18650 imeshashuka. Turbo za 3000 na zaidi zipo, nazo ni za dakika moja au mbili kama kwingine kote.

Muda. 5000 mAh ni wati-saa 18. Lumeni 300 kwa saa sita.

Mfukoni. Hapa ndipo unapolipia. Betri peke yake ina gramu 70 dhidi ya 47 hivi za 18650, na bomba hufika milimita 27 au 28. Kwenye koti au mkanda haina shida. Kwenye suruali ya kazi yenye mifuko ya kina, sawa. Kwenye suruali ya kitambaa chepesi utaichoka ndani ya wiki.

Kuchaji na spea. Si kila chaja ya zamani inaikubali. Pima kama mfereji wa chaja una nafasi ya milimita 70 na zaidi. Uchaguzi ndani ya 21700 wenyewe ni wa pande mbili: Samsung 50E ina 5000 mAh na ampea 10 hivi, Molicel P42A ina 4200 mAh na ampea 45. Ya kwanza ni ya muda, ya pili ni ya nguvu. Tochi nyingi za mfukoni haziihitaji ya pili.

Kinachoharibika. Kuna kampuni zinazouza tochi yenye 21700 au 18650 ya kwao tu, chanya na hasi zote zikiwa upande mmoja. Betri ikifa unarudi kwao au huna tochi. Uliza kabla ya kulipa: je, tochi hii itawaka kwa betri ya kawaida?

Inamfaa mtafutaji na mwokoaji, mlinzi wa eneo kubwa, na mvuvi wa usiku ambaye hawezi kurudi nyumbani kuchaji.

## Kuikagua betri kabla na baada ya kununua

Anza na mizani ndogo ya jikoni. 18650 halisi ina gramu 45 hadi 50. Ukipata 30 au 35, ndani kuna betri ndogo iliyozungushiwa kitu cha kujazia. Kisha multimita: betri mpya iliyotoka ghalani husoma kati ya volti 3.4 na 3.7. Ikisoma chini ya 2.5, irudishe; usiichaji. Mwisho, chaja yenye kipimo cha uwezo: ijaze, iiache ijimwage kwa ampea 0.5, usome mAh. Betri ya 3500 ikikupa 3300 ni nzima. Ikikupa 1100, umeuziwa feki, na namba hiyo ndiyo ushahidi wako mbele ya muuzaji.

Angalia pia plastiki inayoivisha betri, hasa ukingo wa upande wa chanya. Chuma chote cha pembeni ni hasi, kuanzia chini hadi kwenye bega linaloizunguka chanya, na kinachovitenganisha ni kipete chembamba na plastiki hiyo. Ikichanika hapo, sarafu moja au springi iliyopinda inatosha kupiga shoti ya makumi ya ampea. Ivue, uivishe betri plastiki nyingine ya kusinyaa kwa joto, au achana na betri hiyo. Betri ya akiba isitembee mfukoni pamoja na funguo. Iwe ndani ya kiboksi chake cha plastiki. Ukimwagiza ndugu aliye Muscat au London, mwambie aiweke kwenye begi la mkononi akiingia ndegeni, maana betri za lithiamu za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege.

## Tundu la USB au chaja ya pembeni?

Tundu la USB-C kwenye tochi ni raha: unachaji kwa kebo ya simu, pawabenki au sola ndogo. Lakini kifuniko chake cha mpira ndicho kinachokufa kwanza, na baada ya hapo maneno ya IPX8 (kipimo cha kuzuia maji) kwenye boksi hayana maana. Tena tochi nyingi za bei nafuu hazichaji kwa kebo ya C kwa C, kwa sababu hazikuwekewa vipinga viwili vidogo ambavyo chaja ya kisasa huviuliza kabla ya kutoa umeme. Kabla hujasema mbovu, jaribu kebo ya A kwa C.

Chaja ya sumaku ya nyuma haina tundu la kuingiza maji, ila sumaku huokota vumbi la chuma. Fundi wa kulehemu ataichukia.

Chaja ya pembeni inagharimu zaidi mwanzoni, na ndiyo tunayoipendelea kwa mwenye betri zaidi ya moja. Iwe na skrini ya volti, iache kuchaji ikifika volti 4.2, na uchague ampea: nusu ya uwezo wa betri au chini ya hapo, yaani ampea 1 hadi 1.5 kwa 18650, na 0.3 kwa 16340. Chaji mahali unapoiona, juu ya sakafu au vigae, si juu ya godoro.

Betri isiyotumika muda mrefu ihifadhiwe ikiwa na volti 3.7 au 3.8, si imejaa. Chaji kamili na joto kwa pamoja ndivyo vinavyozeesha lithiamu, na gari lililoegeshwa juani Mombasa au Tanga lina vyote viwili. Kwa wa pwani na ziwani: baada ya maji ya chumvi, isuuze tochi kwa maji yasiyo na chumvi ikiwa imefungwa, ikaushe, kisha fungua mfuniko wa nyuma, futa mahali pa kuzungushia, na paka grisi ya silikoni kidogo kwenye oringi (pete ya mpira inayozuia maji). Ukizungusha mfuniko robo mzunguko kuulegeza, tochi nyingi hukatika umeme kabisa. Fanya hivyo kabla ya kuitia mfukoni au begini, kwa sababu lumeni 1500 zilizojiwasha kwenye kitambaa hukiunguza.

## Kwa hali yako

Umeme unakatika mara kwa mara na unataka tochi ya familia: 18650 yenye hatua ya chini ya lumeni 10 au pungufu, isimame wima imulike dari. Mwanga wa dari hauumizi macho, na betri inavuka usiku.

Unalinda geti dogo na kupita kila baada ya muda: 18650 inatosha, na betri ya pili kwenye kiboksi. Eneo ni kubwa, au unahitaji kuona ua ulio mita 150: 21700, ila nunua kwa kuangalia kandela, 22,500 na kuendelea, badala ya kukimbilia lumeni.

Njia yako ina nyoka: mwanga wa kutawanyika unafaa kuliko wa kupiga mbali. Chagua yenye lenzi ya vitone au rifleka (kikombe kinachoakisi mwanga) yenye mikunjo, usiibane ikawa duara dogo. Kwa kutambua rangi ya nyoka, jeraha au waya, tafuta LED yenye CRI (kipimo cha mwanga kuonyesha rangi halisi) ya 90, kama Nichia 519A, hata kama lumeni zitapungua.

Uko mbali na umeme wiki nzima na huna sola: AA, na pakiti mbili za ziada. Una sola ndogo ya USB: 18650 au 21700 yenye tundu, betri moja ikichajiwa mchana huku nyingine ikifanya kazi usiku.

Hutaki kubeba chochote kikubwa kuliko funguo zako: 16340, na uzoee kuichaji kila baada ya siku chache.

Bajeti inatosha kitu kimoja tu kizuri: nunua betri halisi na chaja ya kuaminika kwanza, uziweke kwenye tochi ya 18650 ya bei ya wastani. Tochi kali zaidi ukija kuinunua, betri na chaja utakuwa nazo tayari.